Meseji ya Mgonjwa wa Miguu

Jumatatu, 14 Julai 2025

Leo nimeshinda. Naandika haraka kabla furaha haijapoa.

Kikao cha wafanyakazi, saa mbili asubuhi. Viti tisa, watu kumi na wanne. Ajenda ya tatu ilikuwa yangu mimi, Onesphory Kashaija, karani wa masjala: kwamba mfanyakazi akiugua aruhusiwe kutoa taarifa kwa meseji. Waliguna. Kampuni yetu ya kahawa ina sheria moja isiyoguswa tangu ianze. Mgonjwa apige simu mwenyewe kabla ya saa moja na nusu, Meneja asikie sauti. Meneja wetu, Bwana Rutaihwa, anaamini homa husikika. Anaweka simu kwenye spika, anailaza mezani, ofisi nzima inasogea. Kisha wanatoa hukumu. Mwezi jana nilipiga nikiwa na mafua, nikamsikia Alistidia wa mapokezi akisema kwa nyuma kwamba hayo ni mafua ya kubana pua.

Yalikuwa ya kubana pua. Lakini yeye alijuaje?

Nilisimama. Nikataja utu. Nikataja faragha. Nikasema dunia imeendelea, hata posa siku hizi huanza kwa meseji. Nikauliza mtu wa kuhara ataongeaje na Meneja dakika nne mfululizo bila kukata simu. Hoja hiyo haikupata mpinzani.

Zuena akapinga hata hivyo. Lazima. Tunakaa meza moja masjala. Miaka sita hajaugua hata siku moja, jambo ambalo kwa binadamu wa kawaida ni dalili mbaya. Akasema meseji haina joto wala kikohozi, mtu anaweza kuandika kwamba anaumwa huku mdomo umejaa nyama choma. Alinitazama mimi. Sijui kwa nini watu hunifikiria vibaya.

Aliyeniokoa ni Safina. Safina kazi yake ni kuonja kahawa, na ana mimba ya miezi minne, na tangu mimba iingie harufu ya kahawa ya asubuhi inampindua tumbo. Akasimama akaeleza jinsi alivyopiga simu juma lililopita, akatapika katikati ya salamu, na ofisi nzima ikasikia kwenye spika. Akasema alisikia mtu akipiga makofi na kusema huyu anaumwa kweli. Akalia. Hata Meneja akaanza kukagua dari.

Uamuzi: majaribio ya wiki mbili. Meseji iende kwenye kundi la simu la ofisi, Meneja aione. Asipopatikana mwongo hata mmoja, inakuwa kanuni. Akipatikana, tunarudi kwenye simu, na safari hii simu ya video. Kisha Meneja akaongeza, akinitazama, kwamba aliyeleta wazo hili ameonyesha kufikiria wenzake, na kwamba kiti cha mkuu wa masjala kiko wazi. Nafasi ya kudumu! Miaka tisa mimi ni mtu wa mkataba wa mwaka mwaka. Tunaowania ni wawili tu, mimi na Zuena.

Sasa niseme ukweli, daftari halina masikio. Ta Mwijage, baba yangu mdogo wa Kishanda, alinipigia wiki mbili zilizopita. Mwanawe Kamugisha anaoa Jumamosi hii. Alhamisi ndiyo siku ya kukamua rubisi, pombe yetu ya ndizi. Ndizi mbivu humwagwa kwenye mtumbwi wa mti, wanaume wanapanda na kuzikanyaga mpaka zitoe maji, kisha yale maji yanachachushwa kwa mtama. Na katika ukoo wetu wote hakuna miguu kama yangu. Bapa, mipana. Ukikataa wito wa Ta Mwijage unatajwa kwenye hotuba za harusi, tena kwa jina la baba yako. Likizo yangu niliimaliza Februari kwa ule mradi wa sungura. Kuomba ruhusa wakati kiti kiko wazi? Thubutu!

Ndipo utu na faragha vikanijia.

Jumanne, 15 Julai

Meseji ya kwanza katika historia ya kampuni. Safina, saa moja na dakika kumi: anaomba kuchelewa, tumbo. Meneja aliisoma mara mbili, akaigeuza simu kama anatafuta sauti ilikojificha, akajibu: Pole. Neno moja. Alistidia alionekana mpweke sana bila la kusikiliza.

Safina alifika saa nne, uso umetulia. Akaniletea vitumbua vya mama yake, sita. Akasema kaka Onesphory, Mungu akulipe, jana usiku nililala vizuri kwa mara ya kwanza. Nilihisi kitu kinanichoma kifuani. Nikala vitumbua vyote. Vilipoisha, na kule kuchoma kukaisha.

Zuena aliona. Akasema bila kuinua macho kwenye faili kwamba bado hapendi meseji, lakini anamwombea Safina asitokee mtu wa kumharibia. Nikaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Jumatano, 16 Julai

Siku nzima nimechagua ugonjwa. Watu wanadhani ni kazi rahisi.

Malaria hapana, wanapima. Jino hapana, wataomba kuliona. Tumbo hapana, Riyadhi dereva ana dawa ya tumbo kwenye gari, ya kijani, na huwa hasubiri ruhusa yako. Nimefika kwenye miguu. Miguu kufa ganzi! Hakuna kipimo cha ganzi. Mgonjwa mwenyewe ndiye shahidi, hakimu na karani.

Kisha uandishi. Simu ina faida ya sauti, unaweza kukwama katikati ya neno, ukavuta pumzi. Meseji lazima ijibebe yenyewe. Nimeandika nakala saba. Ya kwanza ilikuwa kavu: Naumwa miguu, siji. Mtu gani atalia kwa hiyo? Ya saba ni hii:

"Meneja na ndugu zangu wote. Nimeamka miguu haipo. Nimeiita haikuitika. Mzee Rutaihwa, umekuwa baba kwangu. Zuena, chukua kiti changu cha dirishani. Mniombee."

Nimeisoma kwa sauti mbele ya kioo, nikajihurumia kweli. Jioni nimefanya mazoezi ya kuchechemea. Mwenye nyumba wangu, Ma Consolata, ameuliza kama kiatu kinabana.

Alhamisi, 17 Julai

Mungu wangu. Mungu wangu. Mungu wangu.

Nimekaa jikoni kwa Ta Mwijage, jua linazama, miguu inanata. Nianze mwanzo.

Basi liliondoka Bukoba saa kumi na mbili asubuhi. Meseji nimeituma tukipita Muhutwe, kwaya inalia kwenye spika, kuku wanalia chini ya kiti, dereva anapiga honi. Hapo ndipo utauona uzuri wa meseji, haina honi. Nikazima simu. Mgonjwa mahututi hachati. Muleba nikachukua bodaboda, saa nne niko Kishanda, shangazi Adventina ananisugua miguu kwa maji ya moto. Saa tano niko mtumbwini na mabinamu wawili. Ndizi zimeiva mpaka zinacheka. Nikaanza polepole, kisha miguu ikakumbuka kazi yake. Majirani wakaja kutazama. Mtu mwingine angeona haya kusifiwa miguu na kijiji kizima. Mimi niliongeza mwendo.

Huko Bukoba, haya ndiyo yaliyotokea, nimeyasikia baadaye kwa Riyadhi. Meseji ilisomwa mbele ya wote. Alistidia akalia palepale. Akapita na bakuli la mchango, kisha Kamati ya Faraja, yaani yeye mwenyewe, ikaongoza msafara hadi chumbani kwangu Kashai kunijulia hali. Mimi nilikuwa nimesahau jambo moja dogo tu. Kwetu hakuna mtu anayeachiwa kuugua peke yake. Kwenye simu walisikia sauti, wakabisha, wakakuhukumu, wakaridhika, kila mtu akarudi kwenye faili lake. Meseji haibishiki. Ukimwandikia Mhaya kwamba unaumwa, umemkaribisha kwako.

Wakamkuta Ma Consolata anafua. Wakauliza mgonjwa. Akasema ameondoka alfajiri na begi, amekwenda kwao Kishanda.

Hapo ndipo nilipoangamia. Mtu mzima aliyekatika miguu usiku, akarudishwa kijijini alfajiri! Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Anayerudishwa nyumbani hivyo anakwenda kuaga. Meneja, Riyadhi anasema, alivua miwani akaifuta muda mrefu. Akasema huyu kijana ameniita baba. Akaagiza gari la kampuni.

Saa saba na nusu. Nilikuwa naruka. Lazima niwe mkweli kwenye daftari langu. Nilikuwa katikati ya wimbo, mguu mmoja juu, mikono hewani, majirani wanaitikia, na gari la kampuni likaingia kati ya migomba ya Ta Mwijage.

Wa kwanza kushuka ni Alistidia, khanga kiunoni, ameshaanza kilio cha msiba. Riyadhi na mkungu wa ndizi. Zuena na mfuko wa sukari. Safina na chupa ya uji aliyoipakata njia nzima, yeye na tumbo lake, kilomita zote zile. Mwisho Meneja, na fimbo yake ya mpingo. Aliniletea mimi. Kwa ajili ya miguu.

Kilio cha Alistidia kikakatika kama redio iliyoishiwa betri.

Nikafikiri haraka. Nikasema ni tiba. Nikasema miguu iliyokufa ganzi hufufuliwa kwa ndizi mbivu, dawa ya babu zetu, kwamba nilibebwa nikatumbukizwa humo saa tano nikiwa sijitambui, na sasa wajionee wenyewe kudra za Mungu. Alistidia akasema haleluya. Zuena akauliza kama na kuimba ni sehemu ya dozi. Nikamjibu ndiyo, kutwa mara tatu.

Meneja akaitazama miguu yangu. Akatazama magoti yake, ambayo yamemsumbua tangu masika. Akaketi kwenye kigoda, akafungua kamba za viatu. Akakunja soksi vizuri, moja ndani ya nyingine. Nilimwambia mzee, dozi ya kwanza ni kali. Akanijibu kwamba yeye alikuwa anakanyaga ndizi kabla mimi sijazaliwa, akapanda.

Alikanyaga vizuri. Nikiri. Hatua nne, tano, akaanza kutabasamu, na mimi kwa miaka tisa nilidhani hana yale meno ya nyuma. Nikahesabu moyoni: meseji imepita, kiti kimepita, magoti ya Meneja yamepona, nitapewa na cheti.

Ndipo Ta Mwijage akatokea nyuma ya nyumba na ndoo mbili. Akawaamkia wageni kwa adabu zote, waitu hapa, waitu pale. Akawashukuru kwa kuja kusaidia. Akasema amefarijika mno, maana alinipigia wiki mbili zilizopita nije kukanyaga leo, nami nikamwambia asiwe na wasiwasi, natengeneza njia kazini. Ila hakujua, akasema, kwamba ningekuja na bosi.

Meneja akageuka kunitazama. Kichwa kiligeuka, mabega yakageuka. Miguu haikugeuka. Mtumbwi uliojaa ndizi zilizopondwa si mahali pa kugeukia ghafla.

Akaanguka chali humo humo, na ule mlio wa mgongo wake sitaki kuueleza. Tulimlaza kwenye godoro la shangazi, tukampakia nyuma ya gari, Alistidia akapata cha kulilia. Ta Mwijage akaangalia mtumbwi wake ulioogewa na mtu mzima mwenye suruali ya suti, akanitazama, akasema maneno ya Kihaya ambayo sitayaandika kwa sababu marehemu bibi yangu hakuhusika.

Siku za mwizi ni arobaini. Zangu zimekuwa tatu!

Safina alimwaga uji chini ya mgomba, akafunga kifuniko, akaenda kukaa mbele garini. Afadhali angenitukana.

Ijumaa, 18 Julai

Niliingia ofisini kwa miguu yangu yote miwili, nayo ilionekana mingi kuliko siku zote. Hakuna aliyeniamkia. Kwenye kiti changu cha dirishani ameketi Zuena. Nikamkumbusha kwamba ni changu. Akanionyesha meseji yangu.

Watu walisubiri hukumu. Mwongo amepatikana, kanuni imekufa, sote tulijua. Safina alikuwa amejiinamia, kitambaa mdomoni. Alikuwa amefika saa moja kamili kwa sababu hakujua apige simu au aandike, akaona aje tu. Alitapika mara mbili kwenye ndoo ya maabara ya kuonjea kahawa.

Saa moja na dakika ishirini na tano, simu zote zikalia pamoja. Meneja, kwenye kundi: "Siji. Mgongo. Hata kuongea siwezi."

Alistidia akaanza kunyanyua simu ampigie, kwa mazoea tu, aiweke kwenye spika. Zuena akamshika mkono. Akaandika mbele yetu sote, polepole, huku akisoma kwa sauti: "Pole sana mzee. Meseji yako imepokelewa kama utaratibu wa ofisi unavyoruhusu. Mungu akujalie nafuu." Akatuma.

Lahaula! Yule yule aliyeipinga! Sasa Meneja ataifutaje, naye amelala chali chini ya mwavuli wa kanuni hiyo hiyo? Safina akanyanyua kichwa. Akamtazama Zuena kwa namna ambayo Jumanne alinitazama mimi.

Nilisema kwa sauti kwamba hayo ndiyo niliyokuwa nikiyatetea tangu Jumatatu. Riyadhi akaniomba nikae kimya, kwa jina la Mungu.

Jumamosi, 19 Julai

Harusi Kishanda. Nimetajwa kwenye hotuba. Kwa jina la baba.

Rubisi ilisifiwa sana. Wageni walisema ina kitu fulani mwaka huu. Sisi tunaojua tulikunywa soda.

Jumatatu, 21 Julai

Kamati ya Faraja imekwenda kumjulia hali Meneja nyumbani kwake. Nilijibanza nyuma ya mkungu wa ndizi ambao nilijitolea kuubeba. Haukutosha kunificha.

Alikuwa amelala kama ubao. Akatoa maamuzi kwa sauti ndogo akitazama juu. Meseji zitaendelea, moja kwa moja, kwa sababu sasa ameelewa kwamba kuna maumivu ambayo hayana sauti. Mkuu wa masjala ni Zuena. Meseji zote za ugonjwa zitaanzia kwake, na kila anayeandika atatembelewa siku hiyo hiyo. Mimi: nafasi ya kudumu nisahau. Mkataba nao si wa mwaka tena, ni miezi mitatu, chini ya uangalizi wa Zuena. Nikamshukuru. Nikasema pole, baba. Akaniomba nisimwite hivyo.

Nje, nilimwendea Safina. Nikaanza utu, nikaanza faragha. Akanizuia. Akasema uongo wangu ungemwumiza kidogo tu kama ningedanganya kwa jambo langu, lakini mimi nilichukua tumbo lake nikaliweka rehani ili nikakanyage ndizi. Akasema aliamini mimi ni mtu mwema siku mbili nzima. Niliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopanda mpaka masikioni. Nilitembea kwa miguu hadi Kashai bila kumsalimu mtu.

Nimeapa. Ninaandika hapa kwa kalamu nyekundu: sitadanganya tena kazini.

Alhamisi, 24 Julai

Kiapo ni kiapo. Lakini hakikutaja mambo ya dharura.

Kuna bwana mmoja kule Maruku anauza machipukizi ya migomba ya mbegu bora, bei ya kutupa, leo tu. Mtu akiwahi kuyachukua yote anaweza kuiuzia Bukoba nzima. Mtu huyo hatahitaji mkataba wa miezi mitatu wala Zuena.

Na nimejifunza, wasiseme sijajifunza! Kosa langu lilikuwa kuondoka nyumbani kabla ya kukaguliwa. Mgonjwa makini husubiri kamati kitandani, anapokea sukari, anashukuru kwa sauti ya chini, wakiondoka ndipo anapoondoka. Pia nilitumia maneno mengi. Safari hii meseji fupi. Niliandika tano, nikachagua moja, nikaituma kwa Zuena saa moja kamili.

Akajibu papo hapo. Pole sana kaka Onesphory. Tuko njiani.

Njiani? Saa hizi? Nilidhani saa tatu. Nimerukia kitandani na viatu, nimejifunika blanketi mpaka kidevuni, naandika humu ndani. Gari limesimama. Ma Consolata anawakaribisha, msaliti yule. Nasikia sauti ya Alistidia, na Safina, na Riyadhi anauliza kama alete ile chupa ya kijani.

Wanabisha hodi. Ngoja. Niliwaandikia ninaumwa nini? Zile tano zilikuwa na tumbo, na zilikuwa na mgongo. Nilituma ipi? Simu nimeiacha mezani sebuleni, na sebuleni sasa yuko Zuena.

Basi. Nitaumwa vyote viwili.